Mdhamini wa Nani

Kwako ndugu yangu Kipyegon,

Huku Ndanai mvua imerudi na ng'ombe wanatoa lita kumi na nane. Chai nachuma kwa mkono mmoja, kwa hivyo kilo zimepungua nusu.

Ule mwingine ulivunjwa Jumamosi. Unajua nilichaguliwa kuwa mdhamini wa shirika la mayatima. Kipkurui, kaka ya mke wako, dereva wa shirika, alimpiga Joan, yatima wetu mdogo, kwa mkanda mpaka akazirai. Mimi ndiye niliyempeleka Kipkurui polisi. Kesho yake akaachiliwa, na watu sokoni wakaambiana mdhamini amemtoa. Wakaja kwangu na marungu.

"Si wewe ni mdhamini?"

"Wa shirika, si wa Kipkurui."

"Mdhamini ni mdhamini, mama," mmoja akasema, akanipiga. Nilipoanguka, wengine wakaendelea, kisha wakachoma boma langu, likabaki jiko tu.

Neno ni moja: anayesimamia mali ya shirika, na anayemtoa mtu polisi kwa dhamana. Nikaenda kwa afande nikamuuliza ni nani alimdhamini Kipkurui. Akakutaja wewe.

Joan sasa analala nami humo jikoni. Siku ya kesi tutaingia kortini pamoja. Kabla ya hapo usikanyage kwangu.

Ni mimi dadako niliyekusomesha kwa chai hii,
Chelimo