Tumbo la Ng'ombe wa Udongo

Mjukuu wangu Nyangeta,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Huku Nyamuswa tu wazima, ila babu yako bado anagombana na goti lake.

Umeniuliza nani alinifundisha kufinyanga sanamu. Hata mimi nachanganyikiwaga nimtaje nani. Nilikuwa msichana, mama akifinyanga vyungu vya kuuza Bunda. Siku moja nikafinyanga ng'ombe. Mama akasema, "Mkwangue ndani, abaki mtupu kama chungu." Nikakataa. Sisi ni wafugaji. Ng'ombe mwenye tumbo tupu si ana njaa? Nikamshindilia udongo mpaka akanenepa. Kwenye moto wa kuchomea vyungu, unene ule ukampasua, paa! Akavunja na vyungu vitatu vya mama.

Nikangoja fimbo. Mama akaokota kichwa cha yule ng'ombe, akakitazama weee, akasema, "Huyu alikuwa ameshiba kweli." Alinisifu au alinicheka? Mpaka leo sijui.

Siku hizi ng'ombe wangu wanasimama hadi kwenye hoteli za Musoma, wote watupu ndani. Ila kabla sijaziba tumbo, naingizaga majani kidogo. Najua moto utayamaliza. Sasa niwaache na njaa?

Bibi yako, mwenye udongo kwenye kucha