Siku Niliyokalia Kiti cha Bosi

Kwako mdogo wangu wa tumbo moja,

Kabla ya yote nakusalimu, wewe na mama na wanao. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie aache kulipaka kila kitu anachoshauriwa na majirani, ipo siku watamshauri gundi. Na kitinda mimba wako, ameshaota meno? Mimi huku mwili ni mzima, nakula, nalala kidogo, nakwenda kazini. Mengine utayasoma mbele, nakuomba uyasome umekaa.

Ujumbe wako niliupata. Umesema mumeo amerudi nyumbani na begi begani na godoro jipya kichwani, na ukimwuliza kulikoni anajibu kwamba mgongo unamuuma, kazi imemchosha, ameamua kuacha. Umesema mwanaume mwenye watoto watatu hana ruhusa ya kuchoka. Umemtoa chumbani unamlaza jikoni juu ya hilo godoro lake, asubuhi unamruka ili ufike kwenye jiko, na akikohoa unamwambia aache maigizo. Unamwita Ndiyo Mzee mbele ya watoto. Ukaniomba nikwambie ukweli, maana tulikuwa kiwanda kimoja: alifukuzwa, au aliacha kwa uvivu? Na kama ni uvivu, mwisho wa mwezi atafute pa kwenda.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini nakujua, ungenikatisha kwa maneno makali, nami najijua, ningepata upenyo wa kukimbilia. Kwenye karatasi hunikatishi, na mimi sina pa kupita.

Unajua kazi yetu ni magodoro. Mimi nashona vifuniko chumba cha mbele. Shemeji alikuwa chumba cha gundi, pale wanapogandisha vipande vya sponji kimoja juu ya kingine. Gundi ile inapanda kichwani, usione vile. Ukisimama karibu na pipa lake asubuhi, hadi mchana macho yanachuruzika na ulimi unakuwa mzito. Ndiyo maana chumba kilikuwa na madirisha mawili na feni kubwa ya kusukuma harufu nje. Basi bosi wetu akatoa amri mbili kwa mpigo. Madirisha yapigwe misumari, kwa sababu vumbi linaingia kwenye gundi. Feni ing'olewe, kwa sababu inakula umeme. Ikang'olewa kweli. Tulipopita ofisini kwake kesho yake tukaikuta huko, inampuliza shingoni.

Usidhani ni mtu wa kufoka. Heri angefoka! Tangu nimjue hajawahi kupandisha sauti. Kila mtu kwake ni kipenzi changu, kuanzia mhasibu hadi mfagiaji, na sisi kwa siri tukamwita hivyo hivyo, Kipenzi. Huyo atakushika mkono, atakuuliza habari za mama, atakusikiliza huku kichwa amekiinamisha kama mtu aliye msibani. Ukitoka hapo ndipo unagundua umekatwa mshahara.

Na ana mchezo wake. Kila Jumamosi kabla ya kufunga kazi anaagiza kiti chake cha ofisini, kile cha ngozi kinachozunguka, kiletwe uani. Yeye anakalia ndoo ya gundi iliyopinduliwa, eti mwenzetu. Halafu anatangaza kwamba kiti kiko wazi, mwenye dukuduku akikalie aseme, na kwa muda huo aliyekikalia ndiye bosi. Watu walikuwa wanakikalia kushukuru chai. Siku moja mfagiaji akajisahau akasema vyoo vinanuka. Kipenzi akampigia makofi, akamkumbatia, kisha akamkabidhi brashi, akasema mwenye pua nzuri namna hiyo ndiye anayefaa kuvisugua vyote peke yake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Na mimi nilicheka, nisikudanganye.

Baada ya ile feni kuondoka, watu wa chumba cha gundi walianza kutapika. Kisha akaanguka Mama Pacha. Huyu ni mjane, pacha wake bado wananyonya. Alikuwa amesimama mbele ya pipa, akaenda kifudifudi juu ya sponji iliyokwisha kupakwa. Sisi tulidhani analeta mzaha. Tulipomnyanyua, nyusi zake zilibaki kwenye sponji. Kipenzi akaja, akaitazama ile sponji, akasikitika kwamba imeharibika, kisha akamwuliza Mama Pacha kwa upole kama huwa analala vizuri usiku.

Hapo nikamvaa shemeji. Nilimwambia yeye ndiye mkongwe wa kile chumba, yeye ndiye wa kusema, si sisi washonaji. Akakubali. Wakati wa chakula akaenda ofisini kwa Kipenzi, akafunga mlango. Hakukaa sana. Alitoka rangi imemshuka, akasema tuvumilie tu, mambo yatakaa sawa. Nilipombana, akageuza uso. Toka siku hiyo akamhamishia Mama Pacha mlangoni, kwenye hewa kidogo, na pale mbele ya pipa akasimama yeye. Wengine waliona huruma. Mimi niliona unafiki, nikasema anatafuta sifa kwa bosi.

Mdomo wangu unaujua, ulinyonya baada yangu, labda ukali mwingi nilikuwa nimeumaliza mimi. Nilimsimamisha mbele ya watu wote kwenye foleni ya chai nikamwuliza kama suruali ile ameivaa ya nini, au nimshonee gauni kwa mabaki ya vitambaa. Nikasema mwanaume anaingia kwa bosi na hoja, anatoka na ndiyo mzee. Watu wakaangua kicheko, na jina likamganda hapo hapo. Ndiyo Mzee asubuhi, Ndiyo Mzee jioni. Yeye alikuwa anatabasamu tu, ananiambia shemeji una maneno wewe. Hilo jina hukulisikia kwa mtu mwingine. Nilikuletea mimi kwa simu, tukacheka wote wawili mpaka salio likakatika.

Basi ikafika Jumamosi moja nikapiga moyo konde. Kiti kililetwa uani, nikakikalia kabla hata Kipenzi hajamaliza kukitangaza. Mdogo wangu, nilisema! Nilisema habari za misumari, za matapishi, za nyusi za Mama Pacha, na nikasema feni yetu inampuliza mtu mmoja ofisini wakati watu kumi na kitu wanakufa ganzi. Nilitoa yote ya moyoni. Nikamtupia jicho shemeji, nikitaka aone jinsi inavyofanywa.

Kipenzi alinyanyuka juu ya ndoo yake akapiga makofi. Akawaambia watu wote wapige, wakapiga. Akasema miaka yote alikuwa anamngoja mtu kama mimi. Akasema nimeshinda, feni itarudi Jumatatu na misumari itang'olewa. Nilitaka kuinuka, akaniwekea mkono begani kwa upole, akanirudisha kitini. Akanikumbusha kwamba bado mimi ndiye bosi, na bosi hatoi amri bila kulipia. Umeme wa feni utatoka kwenye mshahara wa mtu mmoja wa chumba cha gundi. Nimtaje huyo mmoja, asirudi tena.

Nilidhani anatania. Nikamjibu kwamba basi niondoke mimi. Akacheka sana, akawaambia watu wasikie, kwamba bosi hajifukuzi. Nikasema sitaji mtu. Akasema ni haki yangu kabisa, ila Jumatatu chumba kitabaki kilivyo, na Mama Pacha atarudi mbele ya pipa, maana huko mlangoni hakumpanga yeye. Kisha akakaa juu ya ndoo yake, akakunja mikono, akaningoja.

Niliwatazama mmoja mmoja. Mama Pacha alianza kulia bila sauti. Mzee wa kukata sponji akainamisha kichwa. Yule msichana aliyekuwa amechumbiwa akajificha nyuma ya mwenzake. Kila niliyemtazama alikwepa macho yangu kana kwamba nina upupu. Aliyebaki ananitazama alikuwa mmoja tu.

Nikamtaja mumeo.

Hakuacha kazi. Hakuchoka. Mgongo wake hauna kitu, kinachomuuma ni kifua, na si maigizo, ni gundi ya lile pipa. Mimi dada yako, kwa mdomo wangu huu, nimekaa kwenye kiti cha ngozi, nilimwondolea mumeo kazi na watoto wako chakula.

Ningependa kukwambia kwamba alinipa ishara, kwamba alitikisa kichwa kunikubalia. Hakutikisa. Nimejaribu kujiambia pia kwamba nilimchagua kwa kuwa ni wetu, ndugu husameheana, na watu wasiseme napendelea jamaa. Hayo nilimwambia yeye pale getini, akanijibu kwamba ameelewa, nisijisumbue. Kisha akaniomba jambo moja tu, kwamba wewe usijue, kwa sababu una dada mmoja na hataki umkose. Lakini mimi ninajua kwa nini jina lake lilikuwa jepesi mdomoni. Nilimtaja kwa sababu nilimdharau. Nilimwona bwege, mtu wa kufyata mkia, ambaye hata akiondoka si hasara kwa yeyote. Nilimtaja kama mtu anavyotupa kitambaa chakavu.

Kipenzi alimpa godoro la zawadi, akaniagiza mimi nikamchagulie. Hilo analolalia jikoni, liangalie upande wa miguuni, mshono umepinda. Nililimalizia mimi jioni ile ile.

Feni ilirudi, sikatai. Madirisha yako wazi, Mama Pacha ana nyusi tena. Lakini nikikaa kunywa chai, benchi linabaki langu peke yangu. Kila mtu anavuta hewa niliyomletea na hakuna anayetaka kunikaribia, maana wanajua ningeweza kumtaja yeyote kati yao.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuficha kilicho kibaya zaidi. Wiki iliyopita Kipenzi aliniita ofisini. Amenunua feni mpya, kubwa kuliko ile yetu mara mbili, ilikuwa inapeperusha karatasi mezani. Alinimiminia chai kwa mkono wake. Akasema ana nafasi ya msimamizi wa chumba cha gundi, na anataka mtu asiye na huruma za kitoto. Halafu akaanza kunisimulia, huku anatabasamu, kwamba si kila mtu ana moyo wangu. Akasema shemeji yangu alikuja siku ile na hoja hizo hizo, za feni na madirisha. Alimkalisha kwenye kiti hicho hicho na kumpa sharti hilo hilo, ila yeye alimrahisishia, hakumwambia achague. Alimwambia atakayeondoka ni yule shemeji yake wa chumba cha mbele, mwenye mdomo. Aitikie tu, na feni itarudi siku hiyo hiyo.

Akakataa. Alimwomba amwondoe yeye, Kipenzi akagoma. Akamwambia basi chumba kibaki kilivyo na yeye atasimama mbele ya pipa, lakini shemeji yake asiguswe, kwa sababu mkewe hana dada mwingine. Akatoka pale rangi imemshuka. Na mimi nikaenda kumngoja kwenye foleni ya chai, na jina la kumbandika.

Kipenzi aliona machozi yangu, akanipa leso yake. Akasema ndiyo maana aliniheshimu mimi kuliko yule, maana yule hakuweza na mimi niliweza. Akaniuliza kama nakipokea hicho cheo. Nilikuwa na maneno, mdogo wangu, unajua mimi sikosi maneno. Nilitaka kumwagia ile chai usoni. Nikafikiria kodi ya chumba, nikafikiria mlango ule ulivyo rahisi kutoka na mgumu kuingia tena. Nikamjibu, ndiyo, mzee.

Jumamosi iliyopita nilikibeba mimi kile kiti hadi uani. Hakuna aliyekikalia. Kipenzi alifurahi, akasema siku hizi watu wake hawana dukuduku lolote.

Sikuandikii ili unisamehe, wala usinijibu kama huna la kunijibu. Mpeleke akapimwe kifua, usingoje. Jina lile usilitaje tena nyumbani mwako, na watoto uwakataze. Waambie mama yao mkubwa alilitunga kwa ujinga, na kwamba siku hizi ni lake mwenyewe.

Msalimie mama, mwambie goti aliache lipumzike. Wabusu wanao, na huyo mdogo mkune mgongo kwa niaba yangu. Shemeji usimpe salamu zangu, hazimfai kitu. Mpe kitanda chake.

Ni mimi,
dada yako