Simu Iliyolia Ndani ya Sanduku

Baba,

Kesi imefutwa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke na habari mbaya. "Nyangeta, taja kwanza kilichoharibika, salamu baadaye." Haya, nimetaja. Rufaa yako imefutwa kwa kuwa mrufani hakufika siku ya kusikilizwa, na uamuzi wa baraza la ardhi umebaki palepale: kipande cha shamba cha mtoni ni cha jirani. Kipande hicho hicho ulicholala.

Sasa shikamoo.

Usimlaumu jaji, wala jirani. Nikizunguka kote narudi kwangu.

Unakumbuka mwaka ule wa corona, tulipotoka Butiama alfajiri, umevaa koti lako la kahawia, na jalada la kesi umelifunga kwenye mfuko wa nailoni? Tulifika Musoma, getini pa mahakama tukakuta ndoo ya maji na sabuni, na mlinzi anasema hakuna kuingia. Kesi zitasikilizwa kwa video, tarehe zitatumwa kwenye simu, kila mwenye shauri aandikishe namba. Ulimuuliza mlinzi yule, kwa upole kabisa, jaji atakujuaje kama hajakuona. Ukanigeukia ukaniambia niandike namba yangu, maana wewe ni mtu wa ng'ombe, simu huwa unaisahau hata kuichaji.

Nilikataa. Dukani kwangu, mtaa wa Mukendo, watu walikuwa wamepanga foleni kuskani hati zao, nilikuwa na haraka, na moyoni nikasema mzee huyu naye amezidi, kila kitu mimi. Nikakwambia, "Baba, kesi ni yako, namba iwe yako." Ukaitika kama mtoto aliyekaripiwa. Uso wako wa siku ile naujua mpaka leo.

Kusema kweli mambo yale yalinineemesha. Corona ilipoisha, mtandao haukuisha. Mtu wa Rukuba aliyekuwa anapanda boti kuja mjini ili aambiwe tu kesi imeahirishwa, akawa anakuja siku moja, namfungulia shauri kwenye mfumo, anarudi kwenye nyavu zake. Mmoja aliniletea sato wawili kwa furaha. Nikajiona mtu. Kila mteja namwambia, angalia simu yako, usiizime, mahakama siku hizi haimfuati mtu nyumbani. Nilikuwa nawahubiria wengine, Baba.

Na wewe ulipokuja kusikilizwa mara ya kwanza, pale pale dukani mbele ya kompyuta, ulivua kofia ukagoma kukaa. Mheshimiwa akakwambia mzee kaa tu. Ukasema huwezi kukaa mbele ya jaji. Kwa hiyo dakika zote zile aliona vifungo vya koti lako, kichwa kiko juu huko. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Tulipomaliza ukaniuliza kama amekusikia, nikasema amekusikia vizuri sana. Ulifurahi njia nzima hadi stendi.

Halafu ukafa.

Ulikuwa umeshaagiza uzikwe kule mtoni, kwenye kipande chenye kesi, ili hata mahakama ikichelewa, kaburi liwe limeshasema. Wazee walikubali. Jirani alikuja kulalamika, mwenyekiti wa kitongoji akamtuliza, akasema tusigombane mbele ya maiti. Tukakuzika. Nilijisikia tumeshinda nusu ya kesi, hebu fikiria.

Shangazi alikuja kutoka Bunda na kufanya kama inavyofanywa. Alikusanya vitu vyako, fimbo, kofia, koti, miwani, na ile simu yako ndogo ya batani, akaviweka kwenye sanduku la bati akafunga. Hakuna kugusa kitu cha marehemu mpaka ukoo ukae. Hilo nimekua nalo, hata sikulifikiria mara mbili.

Siku ya tatu baada ya maziko, tumekaa mkekani, simu ikalia ndani ya sanduku. Si mlio wa kupigiwa. Ule mlio mfupi wa ujumbe. Wote tulisikia. Binamu mmoja akanyanyuka, shangazi akamwambia, "Mwache. Anayemtafuta atasikia tu kwamba hayupo." Akakaa. Na mimi nikakaa, Baba. Mimi ninayeujua mlio huo kuliko mlio mwingine wowote duniani. Nikadhani ni mtu wa mbali anatoa pole.

Siku chache baadaye ikalia tena. Kisha haikulia, nadhani chaji iliisha.

Zamani tarishi wa mahakama angekuja na baiskeli na hati yake mkononi. Angekuta turubai, angekuta wanawake wanalia, angevua kofia, angekula ugali wa msiba na kurudi kumwambia karani kwamba mwenye kesi amefariki. Ndivyo nilivyokuwa nimezoea, na kichwani nilibaki hivyo hivyo. Kifo chako kilitangazwa kanisani mpaka Nyegina. Butiama nzima ilijua. Nikaona kama mahakama nayo imejua. Mfumo ninaoufungua kila asubuhi kwa mikono hii, sikukumbuka kuuambia kwamba baba yangu amekufa.

Kikao cha ukoo kilichelewa, watu wa Bunda walikuwa kwenye pamba. Sanduku lilipofunguliwa nilichukua simu nikaichaji. Ujumbe wa kwanza, tarehe ya kusikilizwa. Wa pili, kumbusho. Tarehe ilikuwa imeshapita siku nyingi. Nikarudi Mukendo, nikaandika namba ya kesi kwenye kompyuta, na neno lilikuwa pale kwenye kioo. Imefutwa. Nilifunga duka, nikakaa sakafuni nyuma ya mashine ya fotokopi.

Wakili anasema bado kuna njia. Kwanza tuteue msimamizi wa mirathi, kisha tuombe kuongezewa muda, na tueleze kila siku ya kuchelewa, moja moja. Nitaeleza nini? Kwamba ilikuwa inalia na sisi tunaisikiliza? Nitaandika hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo kweli. Lakini sikudanganyi, sina tumaini. Wakili mwenyewe alikuwa anaongea huku anaangalia mezani.

Wiki iliyopita jirani alikuja dukani. Alikuja mjini makusudi, hakutaka kulisema nyumbani. Laiti angenitukana. Alisema, "Binti, mimi na baba yako tulikuwaga tunachunga pamoja. Siwezi kupitisha jembe juu yake. Mkishavuna, njooni mumchukue." Nikamwambia nimesikia. Nikamshukuru hata, sijui kwa nini.

Sijui kama huko mnasameheana. Sijaja kukuomba hilo. Namba ingekuwa yangu, simu ingelia mfukoni mwangu.

Ahadi yangu ni hii, ndogo, nyingine sina. Wazee wakiamua uhamishwe, hutasikia kwa mtu baki. Nitakuja mwenyewe nikwambie kwa mdomo kabla jembe halijagusa udongo, na watakaosema mwanamke hashiki jembe la kaburi watanikuta nimeshalishika. Popote utakapolazwa tena, nitakuwa nimeshaingia shimoni kwanza nipatandike.

Kwaheri, Baba. Jumamosi nakuja Butiama. Mama amekuwa akiokota mawe mtoni mwezi mzima, moja moja, anayapanga kando yako, na ameniagiza mifuko miwili ya saruji ili tukujengee kaburi. Bado sijamwambia. Nitakuja bila saruji.

Mwanao,
Nyangeta