Mchunga wa Nyuma ya Ofisi

Jumatatu, 3 Machi
Kitinda wangu, mtoto wa mwisho, hajala tena. Kijiko kimoja cha uji, akageukia ukutani. Homa imemwacha wiki mbili sasa, hamu ya kula haijarudi. Nesi kasema Ijumaa tumpeleke kwenye mizani — kilo zisipopanda, analazwa. Miaka tisa, mkono kama mpini wa ufagio. Leo nimefagia ofisi nzima, sijui nimefagia nini.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda nyuma ya ofisi kuanika matambara ya deki. Kwenye ufa wa saruji — mchunga, mboga ya porini! Majani yana meno, ua la manjano dogo kama kifungo. Hakuna aliyeupanda. Nikachuma yale machanga, kama mama alivyonifunza. Ukishachanua, uchungu unazidi. Utomvu wake umenigandia vidoleni mpaka sasa.
Nikachemsha, maji ya kwanza nikamwaga. Kitunguu, mafuta kidogo, ndimu. Kitinda akaonja. Kasema ni chungu. Nikajua basi tena. Kisha akasukuma sahani: "Ongeza, mama."
Ulimi uliokataa sukari umekubali uchungu. Waliosoma wanieleze.

Jumatano, 5 Machi
Kala mara mbili. Baba yake anacheka, ati namlisha mtoto chakula cha sungura. Nikamwambia umeshaona sungura kalazwa? Baadaye kachovya mkate kwenye sufuria akidhani simwoni.
Mmea huu nauvulia kilemba. Wanaufyeka, wanaukanyaga, gari la bosi linapita juu yake, na asubuhi umeinua shingo. Kula majani, chemsha mizizi unywe. Hauna cha kutupa.
Mtunza bustani wa ofisi kanikuta nimeinama nachuma. "Mama Kitinda, siku hizi unafanya na kazi yangu?" Nikaona haya kusema ni mboga. Nikasema namsaidia tu kung'oa magugu.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna hata jani. Mtunza bustani kang'oa yote, ukuta mzima, na ufa kauziba kwa saruji mbichi. Ananingoja mlangoni, meno yote nje: "Mama Kitinda, usiuumize mgongo tena. Nimekumalizia."
Rundo kashalichoma. Nikasema asante. Ningesema nini? Mtu katenda wema.
Kitinda katazama mfuko mtupu, kageukia ukutani. Haya zangu mimi, njaa yake yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Mizani saa nne. Uji haujaguswa. Nilikuwa natafuta kadi ya kliniki chini ya godoro, kugeuka — hayupo. Nikakimbilia dirishani.
Namwona nje. Kavuka njia peke yake, yeye ambaye juzi alikuwa anashikwa kwenda msalani. Kachuchumaa penye ukuta wa fundi viatu. Fundi anamwuliza, "Bibi mdogo, hapo pana nini?"
"Mboga. Usikanyage."
Fundi kaweka kiatu chini, kasogeza mguu.
Saa tatu na nusu imepita. Kliniki si karibu. Kadi iko mkononi, na sijamwita bado; mwache achume kwanza.