Dakika Moja ya Kumkumbuka Mwalimu Teodori

Nakwa, Babati,
Mkoa wa Manyara (siyo Arusha, bahasha zako bado unaziandika Arusha).

26 Septemba, 2004

Mpendwa mdogo wangu Konstantini,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Nimeitikia kabisa, maana naamini ukifika hapa moyo wako umeshaniamkia, hata kama mdomo una shughuli nyingi. Hujambo? Antonia mkeo hajambo? Na watoto je, bado wanakua kuelekea juu au wameanza kukuzidi kimo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Vumbi la Septemba limetujaa puani, mahindi ya mwaka huu hayakuwa mabaya, na mjukuu wangu Vailet alishikwa na malaria ila amepona na amerudi shuleni. Ni roho tu ndiyo inayoniuma, na kwa sababu hiyo nimekaa kukuandikia.

Ningeweza kukupigia simu kutoka dukani kwa Hamdani. Shida ni kwamba simu yako siku hizi huipokei wewe. Kila nikipiga naambiwa kwa adabu sana kwamba mkurugenzi yuko kikaoni. Kwa hiyo juu ya bahasha nimeandika BINAFSI kwa herufi kubwa. Kama anayesoma hapa ni msaidizi wako, nakusihi mama, ikunje uipeleke ilikokusudiwa.

Nianze na Baba. Lile jicho la kushoto limeshazibika kabisa. La kulia linaona, lakini kama mtu anayechungulia nje kupitia chandarua. Ni mtoto wa jicho. Daktari alisema labda lingepasuliwa, ila kwa miaka themanini na kisukari alichonacho hakutaka kutuahidi kitu. Baba mwenyewe amelifanya utani. Anasema mtoto wa jicho ana adabu kuliko wa kuzaa, maana hajamwacha hata siku moja. Watu wanacheka. Mimi nimeacha kucheka.

Sasa nikueleze juu ya ukumbi, maana tangu siku ulipokuja ukamkuta Mama yuko kaburini tayari, hujaingia tena pale. Ukumbi wa shule yetu ya kati, ile ya kuanzia darasa la tano, huwezi kuutambua. Tangu tupewe mkoa wetu, maofisa wamekuja wengi kuliko nyumba, na mji haukuwa na mahali pa kukutania. Wakakumbuka kwamba wamisionari walituachia ukumbi mkubwa wenye jukwaa na madirisha marefu. Basi wiki nzima ni semina, warsha na vikao vya wadau, na Jumamosi ni harusi au kumuaga binti wa mtu. Wenyewe wenye shule, yaani wanafunzi, wakisikia kuna wageni huambiwa waende kulima bustani. Mimi niko kwenye kamati ya ukumbi, upande wa chai na chakula. Nimeshajifunza kupanga meza kuu, kukunja vitambaa viwe kama maua, na kumweka kila mkubwa kwenye kiti kinacholingana na ukubwa wake. Ukikosea hapo, hata pilau iwe tamu vipi, hutasamehewa.

Wewe mwenyewe ulialikwa kuwa mgeni rasmi wa jubilei ya miaka hamsini, na ulijibu kwa barua yenye muhuri kwamba utakuja. Usije ukasema hukujua. Barua ile Elieza, mwalimu mkuu wa sasa, aliisoma kanisani kwao Walutheri na sisi Wakatoliki tukasomewa kwetu. Hamdani akatoa viti vyake vya plastiki bure, kwa sababu nilimwambia anayekuja ni mdogo wangu. Kitambaa kikubwa kikatundikwa jukwaani, kimeandikwa MCHEZA KWAO HUTUNZWA.

Baba alianza kujiandaa wiki nzima kabla. Koti lake la kufundishia, lile la kijivu, alinitaka nilianike, nilipige pasi, kisha nilianike tena. Asubuhi ya jubilei alikataa uji. Alisema atakula na Konstantini. Niliona aibu kumweka mbali na meza kuu, lakini meza kuu ilikuwa ya wakuu na majina yao yalikuwa yameshaandikwa kwenye vikadi, la kwake halikuwemo. Nikamweka safu ya mbele kabisa. Halafu nikafanya jambo ambalo kamati hawakulijua. Kiti cha mgeni rasmi nilikisogeza kutoka katikati ya meza nikakiweka karibu na dirisha, ili mwanga ukupige usoni na Baba akuone vizuri kwa hilo jicho lililobaki. Nilimwambia sababu. Akanishika mkono akaubana.

Tulisema saa tatu. Wazee wa vijiji vya Sigino na Bonga walikuwa wamefika tangu saa mbili. Saa tano kwaya ilikuwa imemaliza nyimbo zote inazozijua ikaanza kurudia. Gari lilipoingia karibu saa saba, vigelegele vilipigwa, ngoma ikapigwa, na Baba akasimama kwa fimbo yake. Akashuka mama mmoja mwenye miwani. Akawaambia waliompokea kwamba mkurugenzi amebanwa na majukumu ya kitaifa, na yeye amekuja kwa niaba yako.

Sina ugomvi na mama huyo. Ni mtu mpole, alisafiri siku mbili kwa ajili ya kazi yako, na alikisogelea kile kiti cha dirishani akaketi bila kujua amekalia nini. Baba alimtazama muda mrefu. Baadaye aliniuliza taratibu kama ndiye wewe umenenepa, au ni macho yake. Nikamwambia siyo wewe. Akasema, "Basi angalau tutasikia maneno yake."

Maneno yako tuliyasikia, Konstantini. Yalianza vizuri, itifaki imezingatiwa. Ukashukuru mkoa mpya, ukasifia historia ya ukumbi, ukasema bila shule hii usingekuwa ulivyo. Kisha ukafika kwa walimu watatu waanzilishi. Wawili kweli wametangulia, Mungu awarehemu. Nadhani anayekuandikia hotuba aliona heri awafanye wote watatu marehemu, hesabu ikae sawa. Ulisema, kwa mdomo wa mama yule, kwamba unamkumbuka kwa namna ya pekee marehemu Mwalimu Teodori Gwandu, aliyekufundisha kuandika jina lako. Halafu ukaomba ukumbi mzima usimame kwa dakika moja kuwakumbuka marehemu hao.

Mimi nilikuwa nyuma na chupa za chai mkononi. Meza kuu walisimama mara moja, maana ni wageni katika mji huu, hawamjui aliye hai wala aliyekufa. Safu za maofisa zikafuata. Watu wetu walibaki wamekaa, wanatazamana. Elieza alikuwa na kipaza sauti mkononi, alifungua mdomo, akaitazama meza kuu, akaufunga. Wakubwa wakishasimama nani atabaki amekaa? Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, shingo zote zimegeukia safu ya mbele.

Na Baba akasimama. Alivua kofia yake akaishikilia kifuani, akainamisha kichwa kama alivyotufundisha kusimama mbele ya wafu. Dakika ile ilikuwa ndefu. Baba yako mzazi amesimama katika ukumbi aliofyatulia matofali na wanafunzi wake, anajikumbuka mwenyewe, kwa sababu wewe umemwomba. Ilipoisha alivaa kofia akakaa, na hotuba ilipomalizika alipiga makofi.

Niliweka chupa chini nikaenda nyuma ya jiko nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Hasira nilizokuwa nazo sijawahi kuwa nazo hata nilipofiwa na mume wangu.

Subiri, halijaisha. Wakati wa chakula mama yule alishuka kuwasalimia wazee, kama mgeni mwenye adabu afanyavyo. Alipofika kwa Baba akainama, "Shikamoo mzee. Na wewe ulimfahamu marehemu Mwalimu Teodori?"

Baba akajibu, "Marahaba mama. Nilimfahamu, tulikuwa karibu sana. Alikuwa na mtoto wa kiume, mwenye akili kweli."

"Na huyo mtoto yuko wapi siku hizi?"

"Yuko kikaoni," Baba akasema.

Yule mama akatikisa kichwa kwa huruma akaendelea kwa mzee mwingine. Nilitaka kusema nikazuiwa kwa jicho, hilo hilo moja. Baba hakutaka mgeni aaibike katika ukumbi wake. Hakula siku hiyo. Nilimpeleka nyumbani nikamkaangia kambale anayempenda, akasema nimwachie Vailet.

Unaweza kujitetea kwamba msaidizi wako hakujua, kwa sababu wewe unaitwa Konstantini Amsi na mzee anaitwa Teodori Gwandu. Ni kweli hakujua. Lakini kumbuka jina hilo lilitoka wapi. Ulipoingia darasa la tano shuleni kwake, Baba mwenyewe alikuandikisha kwa jina la babu mzaa mama, ili walimu wenzake wasije wakasema alama zako ni za upendeleo. Alijiondoa kwenye jina lako ili uonekane umeshinda kwa nguvu zako. Uliposhinda, ukaliacha hivyo hivyo.

Na wewe je, ile hotuba uliisoma? Nimeikodolea macho nakala aliyobaki nayo Elieza, sahihi yako iko chini, ile ile yenye mkia mrefu. Kama uliisoma ukatia sahihi, sijui nikuite nani. Kama ulitia sahihi bila kusoma, basi Baba amekufa mezani kwako kati ya karatasi nyingine, na hukuhisi hata kitu kimepungua. Nimepima yote mawili usiku na mchana. Sijapata lililo afadhali.

Mjini wamepata la kusema. Sokoni Baba akipita kuna wanaomwamkia, "Shikamoo marehemu," na yeye anaitikia marahaba ya mbinguni. Anajua kutania, unamjua. Lakini tangu siku hiyo hajarudi ukumbini, yeye ambaye kila jioni alikuwa akienda kukagua kama wageni wamefunga madirisha. Koti la kijivu amelikunja akaliweka sandukuni, na nilipomuuliza kama nilitundike alisema limeshavaliwa kwenye mazishi, lisitoke tena.

Hakunituma nikuandikie. Nilipomwambia nitaandika, alisema nisikutukane, nikusalimie, na nikuulize kama Antonia bado anasumbuliwa na mgongo. Huyo ndiye uliyemzika.

Sikutumii barua hii ili utume kitu. Usimnunulie redio, usimlipie chochote, na usimtume mtu kuja kuomba radhi kwa niaba yako. Panda basi uje. Njoo kabla ya mvua, kabla hilo jicho halijazibika. Na kama utachelewa, kwa sababu nakujua, basi ukifika usisimame mlangoni kimya ukingoja akutambue. Atakuwa haoni. Taja jina lako kwa sauti. Na usitaje lile la babu. Sema, "Baba, ni mimi, Konstantini wa Teodori." Hilo amelingoja tangu ukiwa darasa la tano.

Msalimie sana Antonia, mwambie Baba ameuliza mgongo wake. Wasalimie watoto, waambie wana babu. Hamdani anakusalimu na anasema viti vyake bado viko. Vailet anakuamkia. Elieza naye anakusalimu, ila kwa aibu.

Mungu akulinde huko uliko, akupe kiasi cha kazi utakachoweza kukisoma kabla ya kutia sahihi, na akurudishe nyumbani ukiwa na miguu yako mwenyewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo ambapo imeniwia vigumu,

Kandida Teodori,
binti wa mzee aliye hai.