Anayekula Mtandao wa Maktaba

Vellappara,
Alhamisi, 11 Julai 2024.

Kaka Jobin mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, unakula vizuri na unalala mahali pakavu. Sisi huku hatujambo, ila goti la Mama linamsumbua tangu mvua zianze, na yule jogoo mwekundu amechukuliwa na fungo. Mwalimu wetu wa lugha hutufundisha kwamba barua njema haimfichi kitu anayeandikiwa. Kwa hiyo naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo Mama bado hayajui. Utaona kwamba bahasha haina stempu. Sababu nitaitaja nikifika mahali pake.

Mama anakusalimu sana. Kila Ijumaa ukishakata simu, hubaki nayo mapajani kwa muda kama mtu aliyepakata mtoto. Tangu Pasaka hujamwonyesha uso. Unasema kamera imeharibika, naye ameamini. Ijumaa iliyopita alikuuliza mbona huko kazini kwako Doha anasikia mvua juu ya mabati, ukamwambia ni kiyoyozi cha chumbani. Alimshukuru Mungu kwamba mwanawe analala penye ubaridi.

Sasa nikupe habari za maktaba ya kijiji, maana ndizo zilizoninyima raha wiki hizi. Unaikumbuka ile kompyuta kuukuu nyuma ya kabati la magazeti, inayopokea mtandao na kuugawa kwa watu wote. Tangu Mei mtandao unakufa kila alasiri. Sisi wa darasa la kumi hatuwezi kufungua hata mtihani mmoja wa majaribio. Mwalimu Kuriakose, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa kamati, alishajua mwizi ni nani kabla hajauliza mtu. Anasema ni Rafikul.

Huyu Rafikul humjui, alikuja baada ya wewe kuondoka. Ni Mbengali, mgeni kutoka mbali kaskazini, anayefanya kazi kiwanda cha mbao. Dada Shailaja, mkutubi, humruhusu akae barazani akitoka kazini ili azungumze na binti yake aliyebaki kwao. Humfundisha kuhesabu kwa simu, na mtoto akiruka namba baraza zima hucheka. Hata Mwalimu Kuriakose nimewahi kumwona akificha tabasamu nyuma ya gazeti. Lakini mwezi huu alisimama mbele ya watu akasema hawa jamaa ukiwapa baraza kesho watataka chumba, na kwamba Jumapili baada ya misa kamati itakaa iwapige marufuku. Mwenye nyumba anayolala Rafikul naye akadakia kwamba mtu aliyeitwa mwizi maktaba hamtaki chini ya paa lake. Rafikul alinifuata mlangoni, akaniuliza kwa lugha yetu, Kimalayalam chake cha kuokoteza, "Dada mdogo, mimi nimeiba nini? Hesabu?"

Nadhani ni swali hilo lililonifanya ninyanyue mkono. Nikasema kompyuta ile inatumia mfumo wa Linux kama zile za shule yetu, na kwamba kipo chombo, yaani programu, kinachoonyesha kila simu inakula kiasi gani. Mwalimu Kuriakose aliniangalia juu ya miwani. Akasema haya, mhandisi, tuletee majina kabla ya Jumapili, na usipoyaleta tutatumia macho yetu wenyewe. Watu wakacheka. Kaka, sisi shuleni Linux ni ya kuchora na kuandikia insha. Katika lile dirisha jeusi la amri sikuwahi kuingia peke yangu.

Niliandika amri kama nilivyoiona kwenye maelekezo, kompyuta ikanijibu kwamba sina ruhusa. Dada Shailaja alitafuta neno la siri kila mahali, akalikuta limebandikwa chini ya meza. Nilipolichapa, kwenye kioo hakikutokea kitu, hata nukta. Nikadhani kibodi imekufa. Nikaipindua, nikaipuliza, nikaichomoa na kuichomeka. Kumbe ndiyo desturi ya Linux, neno la siri huchapwa bila kuonekana. Kisha ikanitaka nikipakue chombo chenyewe kutoka mtandaoni, na mtandao ndio huo uliokufa! Ikabidi nirudi asubuhi kabla ya shule. Kilipokaribia kuingia, radi ikapiga, umeme ukakatika, tukaanza upya.

Halafu nikafika kwenye faili ya mipangilio. Hapo ndipo nilipokata tamaa. Ukikosea alama moja, chombo kinakataa kuamka, na kinakuambia kuna kosa kwa namna ambayo hata kosa lenyewe hulielewi. Nilipanga, nikafuta, nikapanga tena, na kila nilipoinua macho nilimwona Rafikul barazani, ananitazama kama wanavyotazamwa madaktari. Jumanne kikaamka. Dirisha likafunguka safi, tupu, bila jina hata moja. Nilikimbia na furaha yangu mpaka kwa Mwalimu Kuriakose, nikamwambia hakuna anayekula mtandao. Akaweka kikombe cha chai chini taratibu. "Hakuna anayekula, lakini chungu kitupu," akasema. "Basi tuite padri, anyunyize maji ya baraka." Wakaangua kicheko. Mmoja akasema mhandisi wetu arudi akachore maua. Nilijifungia chooni nikalia, na nilipotoka Rafikul alikuwa ameshahama barazani. Alisimama barabarani na mwavuli, mtandao haumfiki vizuri pale, akawa anarudia kumwuliza mtoto ile ile namba.

Jana shuleni, Mwalimu Ramani anayetufundisha kompyuta ndiye aliyeniona nimeinamia dawati, akaniomba nimwonyeshe nilichoandika. Hakunicheka. Alinieleza kwamba kompyuta ina milango kadhaa, na mmoja wao ni wa kujisemesha yenyewe, haupiti mtu mwingine. Mimi mlinzi wangu nilimweka kwenye mlango huo. Muda wote ule nilikuwa naitazama kompyuta ikinyamaziana na nafsi yake, nikidhani naangalia kijiji.

Alasiri nilibadilisha neno moja tu kwenye faili. Majina yakamwagika. Simu ya Rafikul ilikuwepo, chini kabisa, mstari wake mwembamba kama uzi. Na juu ya wote, mstari mnene uliojaa kioo kutoka upande huu hadi ule, kulikuwa na simu iliyoitwa Kaka wa Rincy.

Unakumbuka, Kaka? Ndani ya teksi, tunakupeleka uwanja wa ndege, ulinipa simu yako mpya niipe jina, nami nikalitia jina langu humo. Ulicheka ukasema jina hilo hakuna mtu duniani atakayeliona.

Nilizima kioo. Dada Shailaja aliuliza kama nimepata, nikamwambia bado. Nilijaribu kujiambia kwamba umeiuza simu na mtu wa hapa ameinunua. Lakini mtandao wa maktaba unafika mpaka ukuta wa banda la kukaushia mpira la rafiki yako Varkey, hauvuki hapo, na msimu huu wa mvua hakuna mgema wa utomvu wala mpira wa kukaushwa. Nilipita njia ya nyuma. Mlangoni palikuwa na kandambili, ya kushoto imelika kisigino kama unavyozila zote. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Sikugonga. Nilisimama tu nikiisikiliza ile mvua, ile ile ya Ijumaa.

Sijui Doha walikufanya nini, na leo sikuulizi. Najua kijiji kizima kilikusindikiza, na kwamba hukutaka kupita mbele ya macho yale yale ukiwa mikono mitupu. Sijui pia unatazama nini kutwa nzima humo ndani, maana chombo kinaonyesha kiasi tu, hakionyeshi moyo wa mtu. Lakini Mama huwasha mshumaa mbele ya picha yako kila jioni, akikuombea joto la jangwani lisikudhuru, nawe uko umbali wa kusikia kengele yake ya sala. Hilo ndilo siwezi kulibeba.

Na Rafikul naye siwezi kumwacha. Jumapili nitasimama niseme kilichomo kwenye dirisha. Mama atakuwa ameketi benchi la mbele, kwa sababu amejisifu kwa majirani wote kwamba mwanawe wa kike anaijua Linux. Ukiwa umeshaingia nyumbani, nitasema kwa sauti kwamba ni simu ya kaka yangu aliyerudi, na wacheke wanavyotaka, tutakuwa watatu wa kuchekwa. Usipokuwa umeingia, nitalisoma jina kama lilivyo, na Mama atalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Barua hii nitaipitisha chini ya mlango wa banda nikienda shule. Pokea salamu za Mama, ingawa hajui zimefika karibu hivyo, na salamu zangu mimi nikupendaye. Jumamosi atapika muhogo na samaki wa pilipili nyekundu. Kalamu najua huna, wala huihitaji. Kesho alasiri nitakaa mbele ya lile dirisha jeusi, mlango ukiwa ule wa kweli. Futa jina la simu yako, uandike tarakimu moja tu mahali pake, nami nitaiona. Nimwambie Mama apike muhogo wa watu wawili, au wa watatu?

Mdogo wako,
Rincy