Chuma cha Mwaija

Kang'ata, Handeni

Mdogo wangu Shamsia,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, maana najua umeninunia. Goti linaendeleaje? Na shemeji Hashim, kile kikohozi cha moshi kimemwachia? Mimi mzima. Mahindi yamebeba, ila mbaazi zangu zimeliwa na mbuzi wa watu, na wenyewe nimeshawapa maneno yao.

Mjukuu wangu Mwaija yuko hapa kwangu. Ndiyo, kwangu! Likizo zote alikuwa akishukia kwako Korogwe, ananiruka mimi niliyemzaa mama yake, eti kwako kuna uhunzi. Uhunzi wa nani? Wa baba yetu! Mzee alimpa mumeo fuawe la kupondea chuma na mivukuto ya kupulizia moto, mimi mkubwa nikaambulia sufuria. Uliwahi kuniuliza kama niliridhika?

Unakumbuka siku ile kwako alivyotueleza hicho chuma anachokisomea chuoni, kisichoshika kutu. Kumbe ukikitazama kwa hadubini, ndani kina chembe za namna mbili, kama mahindi na maharage kwenye kande. Kikipondwa kikiwa moto, za namna moja zinalegea mapema na kuvutika. Za pili zinabisha, mpaka zikizidiwa zinavunjika na kuota upya, ndogo ndogo. Usidhani sikuelewa. Chuoni wanakibana kwa mashine, yeye akataka kuona nyundo ya mkono ya shemeji itafanya nini. Akasisitiza kila kipande kikishapondwa kizamishwe majini palepale.

Nikasema ndoo nitashika mimi. Akanijibu kwamba Bibi Shamsia ndiye aliyezoea, mimi nikapumzike. Nipumzike! Nawe ukachekelea, ukasema mikono ya dada ni ya kukunia nazi, koleo itamshinda. Maneno hayo nimelala nayo mpaka leo.

Kisha kipande cha mwisho cha siku ile kikavunjika kama kigae walipokijaribu chuoni, mtoto akakupigia simu kukulaumu kwamba ulichelewa na maji. Akaacha kuja kwako. Nilifurahi, Shamsia. Nilimchinjia jogoo.

Sasa sikia. Hicho cha mwisho ulinikabidhi mimi, ulipopigiwa hodi ukatoka, shemeji kainamia moto na Mwaija yuko uani. Sikukizamisha. Nilikifukia jivuni, kama baba alivyofukia chuma kipoe taratibu kilainike. Nilitaka changu kivishinde vyako vyote, mtoto ajue nani binti wa mhunzi. Kilipopoa nikakilaza pamoja na vyako, nikanyamaza. Kumbe hicho hakitaki jivu. Mwaija anasema kikipoa polepole, zinaota chembe za namna ya tatu, ngumu, katikati ya zile mbili, basi chote kinakatika.

Na wewe ulijua koleo niliishika mimi. Ukaomba radhi, hukunitaja. Ungenitaja ningekuchukia kwa raha zangu!

Jana nimemwambia. Akafunga begi. Kimebaki kipande kimoja tu ambacho hakijapondwa, anakileta kwako pamoja na barua hii. Nimemwomba nije nivute mivukuto, nisiguse kingine. Akasema nimwombe mwenye uhunzi.

Basi nakuomba. Mimi, mkubwa wako. Ukisema nije, nitapanda hata bodaboda, na ukiniweka mbali na jivu sitabisha.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Jirani yako Grasiana mwenye maneno mengi usimsalimie, wala usimsomee barua hii.

Ni mimi dada yako,
Rukaya binti Isihaka